Mate ya dada yangu

Mshenga alifika Jumamosi saa nane mchana, jua la Boma Ng'ombe likiwa utosini, ameongozana na kijana wa kumshikia mkoba. Nilifunga duka mapema kwa ajili yake. Nikampakulia mtori, akamaliza bakuli, akasifu nyama. Barua ya posa ilikwishajibiwa, kishika uchumba kilikwishapokelewa, mahari ilikwishatajwa, ikalalamikiwa, ikapunguzwa. Kwa hesabu zangu kilichobaki ni tarehe ya sendofu.

"Mama," akaanza huku akijifuta midomo, "hatujaja kwa ubaya. Ila kuna neno wazee wamelisikia, wakaona heri liulizwe sasa kuliko kuja kuulizwa watoto wameshazaana. Tumesikia kwenu kuna ugonjwa wa kusahau. Na kwamba umepimwa Marekani, ukaonekana upo kwenye damu."

Binti yangu alikuwa jikoni. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini taratibu, kama mtu anayeficha kishindo ili asikie vizuri.

Sikukasirika. Maswali ya namna hii ni ya zamani kuliko mimi. Nilipokuwa naposwa mwenyewe, watu wa mume wangu walimtuma shangazi yao akakaa kijijini kwetu siku tatu akijidai ananunua ndizi, kumbe anachunguza kama ukoo wetu una kifafa, ukoma, wazimu, au mtu aliyewahi kujinyonga. Alirudi kwao na mikungu miwili na ripoti safi. Safari hii hakuna aliyetumwa kupeleleza. Ushahidi tumeutoa wenyewe, na umetoka kwenye mate ya dada yangu.

Dada yuko Minnesota mwaka wa 14 huu, analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Kuelekea Krismasi aliona kipimo cha mate kimeshushwa bei akanunua. Alitaka kujua asili yake, kana kwamba kuna mtu asiyejua kuwa asili yake ni Machame. Unatema mate kwenye kichupa mpaka yafike mstarini, unafunga, unatikisa, unapeleka posta, unasubiri. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama unataka na habari za afya. Akaweka tiki. Tangu 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imeruhusu biashara hiyo: kampuni inamwambia mteja moja kwa moja, bila daktari katikati, kama amebeba jeni inayoongeza uwezekano wa kupata Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, uzeeni. Majibu yakaja kwenye simu yake akiwa kazini, katikati ya wazee ambao nusu yao hawajui ni mwaka gani. Nakala moja ya e4, ndiyo jeni yenyewe.

Na yeye, badala ya kunipigia mimi, akapiga picha skrini na kuitupa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, watu 61, na maneno haya: "Ndugu zangu, tujiandae." Mke wa binamu yangu yumo humo, na anaimba kwaya moja na mama mdogo wa kijana anayemtaka binti yangu. Basi.

Nieleze na mama alivyo, maana habari yenyewe inaanzia kwake.

Mama ana miaka 78. Ilianza kwa chumvi kutiwa mara mbili kwenye chakula, ikaja kwenye funguo, ikaja kwenye majina ya wajukuu. Siku moja jirani alimkuta amesimama kati ya migomba, ndani ya kihamba chake mwenyewe alichoishi miaka 55, akiuliza njia ya kwenda nyumbani. Ana ugoro wake anaouweka kwenye kikopo cha dawa ya kuchua, na kikopo hicho kinapotea mara tatu kwa siku. Kila kikipotea kuna mwizi, na mwizi ni mimi. Dada yake, mama yangu mkubwa, alipita njia hiyo hiyo akafariki 2009. Wakati huo hakuna aliyesema habari za jeni. Tulisema amerogwa, tukamtaja na mtu, mama mmoja mjane wa mtaa wa chini, na familia yake hatukusalimiana nayo zaidi ya miaka kumi. Kwa mama mkubwa tulisema uchawi, kwa mama tunasema damu. Sioni kama tumepiga hatua kubwa sana, maana maneno yote mawili tumeyatumia kwa kazi ile ile ya kumnyooshea mtu kidole.

Hospitali ya kwanza tuliyompeleka, tabibu hakumtazama mama usoni. "Ni uzee tu. Mrudishe nyumbani ale vizuri." Tukarudi, tukapoteza mwaka na nusu hivyo. Nina hasira na jibu lile mpaka leo, hasa kwa kuwa mimi mwenyewe ninayeuza dawa nililikubali.

Ya pili ilikuwa tofauti. Muuguzi alituketisha kwenye benchi nje, chini ya mti, kwa sababu ndani kulikuwa na kelele. Akamtajia mama maneno kumi, akamwambia ayarudie, kisha akayaacha ili amuulize tena baadaye. Akamwomba ataje wanyama wote anaowajua kwa dakika moja. "Ng'ombe, mbuzi, kondoo," mama akasema, akatulia, "ng'ombe wa kaka yangu, yule mwekundu," na dakika ikaisha akiwa bado kwa huyo mwekundu, anatueleza alivyokuwa na maziwa. Daraja ni nini? "Ni pale Kikafu magari yanapoanguka." Jibu hilo nililipenda. Anayejua mteremko wa Kikafu hawezi kusema mama amekosea.

Halafu muuguzi akatoa kiberiti mfukoni. Akamwaga njiti kwenye benchi, akapanga nne, akatengeneza umbo. "Bibi, na wewe nipangie kama hivi." Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini njiti. Wazee wetu wengi, akina mama hasa, hawajawahi kushika kalamu. Ukimwambia bibi wa darasa la pili achore saa yenye mishale, utakuwa umempima shule aliyonyimwa. Njiti kila mtu amezishika. Mama akazitazama. Mikono yake imesuka vikapu, imepandikiza miche ya kahawa, imefunga watoto saba mgongoni. Akaziokota moja moja, akazilaza vichwa vyote upande mmoja, akazirudisha kwenye kasha, akalifunga na kumkabidhi muuguzi mkononi.

"Usiache kiberiti ovyo, mwanangu. Watoto wataunguza nyumba."

Muuguzi akaandika sifuri. Ilimbidi. Lakini aliandika akiwa ameinamisha uso, na mimi nilijua anacheka, nami nikacheka, na tulipofika kwenye gari nikalia.

Sasa turudi kwenye jeni, maana mshenga alikuwa ameketi anasubiri, na nilikuwa nimeshasoma usiku mwingi tangu ile picha iingie kwenye grupu.

Shida ya kwanza ni kwamba sisi tukisikia jeni tunafikiria sikoseli. Watoto wa sikoseli tunawajua, nawauzia folik asidi kila mwezi. Ukirithi kutoka pande zote mbili, unao, hakuna mjadala. Na kweli kuna dimensia, yaani magonjwa ya kusahau, za namna hiyo, za amri. Kuna jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na kasoro fulani, nakala moja tu inatosha. Mfano wake mkubwa uko Colombia, milima ya Antioquia, katika ukoo mmoja wa watu wapatao 6,000 ambao daktari Francisco Lopera wa Medellín aliwafuatilia maisha yake yote mpaka alipofariki 2024. Waliobeba kasoro yao ya PSEN1 wanaanza kusahau wakiwa na miaka 44 hivi, na wakifika 49 ni dimensia kamili. Watu wenye watoto shuleni. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ni shilingi ya kurusha juu. Hata huko, mwanamke mmoja, Aliria Piedrahita de Villegas, aliibeba kasoro hiyo akafika miaka ya sabini ndipo akaanza kusahau, na wanasayansi wakaandika 2019 kwamba huenda kilichomkinga ni aina adimu ya jeni nyingine kabisa, APOE, aliyoirithi kutoka kwa baba na kwa mama. Lakini dimensia za amri ni chache mno, hazifiki 1 kati ya 100 ya wagonjwa wa Alzheimer, na mtu anayeanza kupotea akiwa na miaka sabini na kitu kama mama yangu hayumo kwenye hesabu hiyo.

Ya dada ni APOE. Iko kwenye kromosomu ya 19, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni, na kazi yake ni kutengeneza protini inayobeba mafuta, kwenye damu na kwenye ubongo. Mimi nauza dawa za kushusha mafuta, kwa hiyo hapa nilijisikia nyumbani kidogo. Inakuja kwa aina tatu, e2, e3 na e4. Protini nzima ni mnyororo wa pingili 299, na aina hizo zinatofautiana kwenye pingili mbili tu, ya 112 na ya 158. Pingili mbili! Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1993 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akiwemo Allen Roses, ndilo lililoonyesha kwamba wenye e4 ni wengi kuliko kawaida miongoni mwa wagonjwa wa Alzheimer ya uzeeni. Tangu hapo hesabu inayotajwa ni kwamba nakala moja inaongeza uwezekano mara 3 hivi, na nakala mbili mara 8 hadi 12. Na e2 inaelekea kukinga.

Hapo ndipo dada alipoandika "tujiandae". Mara tatu ni neno zito. Lakini mimi biashara imenifundisha kuuliza swali moja: mara tatu ya nani?

Ya Wazungu. Hesabu hizo zimetoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Na kumbe kuna watu waliokwenda kuzihakiki kwetu Afrika. Mwaka 1992 Adesola Ogunniyi na wenzake wa Ibadan, Nigeria, pamoja na Hugh Hendrie wa Indianapolis, walianza kuwafuatilia wazee wa miaka 65 na zaidi wa pande mbili: Wayoruba wa mtaa wa Idikan, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Maswali yale yale, vipimo vile vile, miaka na miaka. Matokeo waliyoyatoa 2001 yalikuwa hivi: kila mwaka, kati ya wazee 100 wa Indianapolis, 3.24 walipata dimensia. Ibadan ni 1.35. Chini ya nusu. Na e4 Ibadan haikuwa haba, ilikuwepo tele. Ila kwa Wayoruba nakala moja haikuonekana kufanya chochote cha maana. Walipofuatilia miaka mingi zaidi ndipo wakaona, katika ripoti ya 2014, kwamba nakala mbili zina uzito hata kwa Wayoruba, lakini moja, kama ya dada, bado haikuonekana. Hapa jirani, Nyeri, Kenya, watafiti waliokuwa na Raj Kalaria nao walikuta e4 kwa wingi, na haikuwatenganisha wazee waliosahau na wasiosahau.

Sababu? Moja imenikaa kichwani. Mwaka 2018 watafiti walioangalia Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, ambao damu zao zimechanganyika, waliona kwamba e4 iliyokaa kwenye kipande cha kromosomu kilichotoka Afrika ina makali pungufu kuliko e4 ile ile iliyokaa kwenye kipande cha Ulaya. Herufi zile zile, majirani tofauti. Mchagga hahitaji kuelezwa zaidi habari za majirani. Isitoshe, kwa Wamarekani weusi kuna jeni nyingine, ABCA7, ambayo ripoti ya 2013 iliipa uzito unaokaribia wa APOE. Kipimo cha dada hata hakikuitazama.

Nisije nikaeleweka vibaya nikaanza kuwauzia watu kinga ambayo sina. Wazee wetu wanasahau. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wa Newcastle, Uingereza, walizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji sita vya wilaya yetu hii ya Hai, wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliporekebisha hesabu kwa umri, dimensia ilikuwa asilimia 6.4. Katika kila wazee 16 unaokaa nao kanisani, mmoja. Kwa hiyo ni ya kila ukoo, hata ule uliotuma mshenga.

Na kuna jambo jingine ambalo liliwaudhi watu wa upande wa baba. Picha ya dada ilipoingia, baba mdogo aliandika kwenye grupu: "Poleni, ni ya kwao mama." Nikamuuliza amejuaje. Dada ana nakala moja. Mama hajapimwa. Baba alifariki na miaka 86, akili kama wembe, anakumbuka nani anamdai na nani anamkwepa. Hakuna kinachozuia ile e4 kuwa ya baba, aliyeibeba maisha yake yote akafa nayo bila kusahau hata deni moja. Watu wengi wanaibeba hivyo. Baba mdogo alikaa siku mbili bila kuandika kitu, kisha akatuma picha ya maua ya Jumapili njema.

Haya yote nilimweleza mshenga? Hapana, angelala. Nilimwambia hivi: "Mzee, unaijua Kikafu. Kila gari linateremka pale. Gari lenye breki zilizolika lina hatari zaidi, sikatai. Lakini wangapi wanateremka na breki mbovu wanafika Arusha, na wangapi breki zao nzima wanaanguka kwa mzigo, mvua na dereva aliyelala? Jeni ya dada yangu ni breki. Na hata hiyo breki imepimwa kwenye barabara za watu wengine."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa nusu. "Na huo mzigo na mvua, ni nini?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko lake la kwanza. Mwaka 2024 kamisheni ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo, yangeondolewa yote duniani, karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kucheleweshwa. Presha ya utu uzima. Kisukari. Kutosikia vizuri. Kutoona vizuri. Mafuta mabaya kwenye damu. Pombe nyingi, sigara, kugongwa kichwa, upweke, kukosa shule utotoni. Nilipoisoma orodha ile mara ya kwanza niliweka alama ya kalamu pembeni ya kila jambo linalomhusu mama. Alitolewa shule darasa la pili akalee wadogo zake. Presha yake ilikuwa juu miaka ambayo mimi nilikuwa nawapimia watu wengine. Masikio yalianza kufa zamani, tukawa tunapiga kelele, kisha tukachoka kupiga kelele, akawa anakaa peke yake. Nilifika sita kabla sijaligusa neno jeni.

Nikamwambia mshenga, "Leta mkono."

Akasita, lakini mwenzake alikuwa anatazama. Nikafunga kile kitambaa, mashine ikanguruma. 178 kwa 104. Nikasubiri dakika tano, nikarudia. 174 kwa 102. Nikamwonyesha bila kusema. Akauliza kama nina dawa. Ninazo, lakini dawa za presha siuzi kwa mtu ambaye hajaonwa na daktari, hata awe amekuja kuniposea binti. Nikamwandikia namba zote kwenye karatasi na kumwelekeza kituo cha afya Jumatatu. Alipotoka alikuwa ameisahau ile leso yake mezani. Sendofu ni Desemba. Habari hiyo ililetwa na mtu mwingine, kwa simu, kwa maneno machache.

Ila dada hakukoma. Mwezi wa tatu alimpa mchungaji mmoja aliyekuwa anakuja likizo kiboksi cheupe aniletee. Kipimo changu, ameshakilipia. "Jua hali yako," ameandika kwa kalamu juu ya kifuniko.

Nilikiweka kwenye droo, chini ya vipimajoto. Wiki nyingi. Nilikuwa nakitoa usiku nakisoma maelekezo kama mtu anayesoma barua ya mchumba wa zamani. James Watson, yule aliyepata Nobeli kwa kugundua umbo la DNA, alipopimwa jeni zake zote 2007 aliruhusu zitangazwe duniani isipokuwa moja: APOE. Bibi yake alikuwa na Alzheimer, naye hakutaka kujua. Nilijifariji naye. Halafu nikasoma upande wa pili: Robert Green na wenzake, Marekani, waliwaambia watoto wa wagonjwa majibu ya APOE zao kisha wakawafuatilia mwaka mzima, na ripoti yao ya 2009 inasema waliojua hawakuonekana kuzama kwenye huzuni au wasiwasi kuliko wasioambiwa. Dada mwenyewe ni mfano. Anatembea kilomita tano kila siku kwenye theluji, ameacha soda, analala vizuri. Anayekosa usingizi ni mimi.

Kuna mahali kujua kunasaidia kweli, nikubali. Zile dawa mpya za sindano, lecanemab iliyokubaliwa Marekani 2023 na donanemab 2024, zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, na wenye nakala mbili za e4 ndio walio hatarini zaidi. Huwezi kuanza bila kuzungumzia kipimo hicho. Wateja wananiuliza "dawa ya kukumbuka" karibu kila wiki, wameiona kwenye simu. Hizo sina, na hata kule zinapunguza kasi tu, hazirudishi kilichopotea. Wanaondoka na vitamini waliyoikuta kwenye rafu, ingawa nimewaambia haitasaidia.

Kilichonizuia kutema mate ni kitu kingine. Mate ya dada yalisema habari zake, yakasema nusu ya habari zangu, yakamfikia baba yangu kaburini na binti yangu jikoni. Nikitema na mimi, nikakuta nina mbili, basi binti yangu anayo moja kwa hakika, wala hajaniuliza. Ana miaka 26 na anachagua vitambaa vya sare. Kumwambia nini? Afanye mazoezi, apime presha, asinywe sana? Hayo namwambia bila kipimo, na hanisikilizi vilevile.

Huku nyuma, mwezi wa tano, nilimpeleka mama masikio. Kwenye sikio la kulia walitoa nta ngumu kama kokwa ya ubani. Hakupona kusahau, jina langu bado ni la marehemu dada yake. Lakini jioni ile alikaa kwenye baraza akasikia kunguru, akasikia bodaboda, akageuka akaniambia, "Mbona mnapiga kelele kiasi hiki?"

Juzi nikafungua droo kutafuta kipimajoto. Kiboksi cheupe kipo, kimefunguliwa. Kile kifuniko chenye maji ya dawa kipo, hakijaguswa, nilikikagua mara mbili kwa hofu. Kichupa hakipo. Nikamfuata mama barazani. Amefunga kitu kwenye pindo la khanga, ananitazama kwa jicho la mtu anayejua mwizi ni nani.

"Mama, hicho ni nini?"

Akafungua pindo. Kichupa cha Marekani, kimejaa ugoro mpaka kwenye mstari.